Vocha ya mgahawa ya dola 25 kwa dola 4: ununue au uache?

Swali: Kaka, habari za kazi. Naishi Silver Spring, Maryland, na mume wangu na watoto wawili. Mwenzangu kazini kanionyesha tovuti inayouza vocha za migahawa. Ya dola 25 inauzwa dola 10, na wiki hii ukiweka namba ya punguzo inashuka hadi dola 4. Mama mkwe anakuja kutoka Tanga mwezi wa kumi na mbili na nataka tumpeleke akale nje siku moja (hali nyama isiyo ya halali). Nimefikiria kuchukua vocha kumi: nyingine tutumie sisi, nyingine niwape mawifi zangu kama zawadi. Mume wangu anasema hakuna mtu wa kuuza dola 25 kwa dola 4, lazima kuna kitu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Dada yangu, mumeo yuko sahihi kwamba kuna kitu. Na wewe uko sahihi kwamba hutapeliwi: vocha ni ya kweli, mgahawa upo, na dola 25 zitatolewa kwenye bili. Ila hizo dola 25 zilizoandikwa juu ya vocha si fedha. Ni punguzo lenye masharti, na thamani yake inategemea mnakula nini, siku gani, na mko wangapi mezani. Nikupe jibu kabla ya sababu: nunua moja, kwa ajili ya mama mkwe, na uinunue baada ya kupiga simu mgahawani. Kumi usichukue. Za kuwapa mawifi usinunue kabisa.

Nimekuwa mhudumu wa mgahawa hapa hapa Maryland kwa miaka sita, na sasa natunza vitabu vya hesabu vya migahawa midogo. Vocha hizi nimezipokea mkononi kwa wateja, nimeziingiza kwenye hesabu za wenye migahawa, na nimewahi kuzinunua mwenyewe. Kwa hiyo nitakueleza kwa urefu kidogo.

Fungua ukurasa wa mgahawa wowote kwenye tovuti hiyo, lakini usibonyeze kununua. Shuka chini kwenye yale maandishi madogo ya kijivu. Nyumbani tumezoea kuyasikia redioni yakisomwa harakaharaka mwisho wa tangazo, "vigezo na masharti kuzingatiwa", na hakuna anayeyasikiliza. Hapa yameandikwa, na ukweli ni kwamba hayo ndiyo unayonunua. Kampuni inayojulikana zaidi kwa vocha za namna hii ni Restaurant.com, iliyoanza mwaka 1999, na kila mgahawa humo hujiwekea masharti yake. Utakuta vocha ya dola 25 inataka mle chakula cha angalau dola 35, au dola 50. Vinywaji vyenye pombe mara nyingi havihesabiwi. Mle palepale, msifunge kupeleka nyumbani. Vocha moja kwa meza moja, na pengine mara moja tu kwa mwezi. Haikubaliki Ijumaa jioni, au Jumamosi, au siku za sikukuu. Na bakshishi ya asilimia 18 inakatwa juu ya bili nzima, kabla ya punguzo.

Sharti la pombe kama ninyi hamnywi halitawagusa. Hayo mengine yote yatawagusa.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu tutabishana tu. Chukua vocha ya dola 25 uliyoinunua kwa bei yake ya kawaida, dola 10, kwenye mgahawa unaotaka chakula cha dola 50. Wewe na mumeo mnakula cha dola 50 kamili. Kodi ya mauzo ya Maryland ni asilimia 6, kwa hiyo ongeza dola 3. Bakshishi ya asilimia 18 ni dola 9. Jumla dola 62. Ondoa 25, mnabaki na bili ya dola 37. Sasa rudisha zile dola 10 ulizolipa mtandaoni: chakula kimewagharimu dola 47. Mmeokoa dola 15. Si 25, ni 15, yaani kama asilimia 24 ya bili. Si haba. Mtu akikwambia kuna mgahawa unapunguza robo ya bili, utaenda.

Lakini jiulize: mkienda siku ya kawaida, bila vocha, huwa mnaagiza cha dola 50? Tuseme ninyi wawili hushiba kwa chakula cha dola 34. Kodi dola 2 na senti 4, bakshishi dola 6 na senti 12, jumla dola 42 na senti 16. Maana yake vocha imewatoa mfukoni karibu dola 5 zaidi ya ambavyo mngetumia bila hiyo vocha. Mmeongeza kianzio na kitindamlo ambavyo hamkuwa na haja navyo ili mfikishe kiwango. Hata kwa ile bei ya ofa ya dola 4, mnalipa dola 41 badala ya 42 na senti 16, mmeokoa dola moja na senti 16. Kama hicho chakula cha ziada mnakifunga na watoto wanakila kesho yake mchana, sawa, kina thamani. Kama kinabaki kwenye sahani, hamkuokoa kitu.

Na ukizidisha upande wa pili, faida nayo inapungua. Mkila cha dola 80, bili yenye kodi na bakshishi inakuwa dola 99 na senti 20, na zile dola 15 zenu ni asilimia 15 tu. Vocha hizi humfaa zaidi mtu ambaye mlo wake wa kawaida unaangukia palepale kwenye kiwango cha chini au juu yake kidogo. Akiwa chini anavutwa kutumia zaidi. Akiwa juu sana anaokoa sehemu ndogo.

Hapo kwenye bakshishi naomba nisimame kidogo. Nimesikia watu wetu wakilalamika kwamba "wanakukata bakshishi hata kwenye pesa usiyolipa". Kwetu bei iliyo kwenye menyu ndiyo bei, na ukimwachia mhudumu kitu ni hisani yako. Hapa sivyo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inaruhusu mwajiri amlipe mhudumu anayepokea bakshishi dola 2 na senti 13 kwa saa, na kiwango hicho hakijabadilika tangu 1991. Maryland ni dola 3 na senti 63. Kinachobaki hadi kufikia kima cha chini cha mshahara kinatakiwa kitoke kwa mteja, na kikipungua mwajiri ajazie. Mhudumu aliyekuletea chakula cha dola 50 amebeba sahani za dola 50, si za dola 25. Ukikuta mgahawa haukukata asilimia 18 wenyewe, ihesabu wewe juu ya bili kabla ya punguzo. Nilikuwa nikibeba sahani hizo, najua jioni yenye meza tatu za vocha ilivyokuwa ikiniacha nikitembea kwa miguu kwenda nyumbani ili nisitumie nauli.

Kuna jioni moja sijaisahau. Ilikuwa Ijumaa, meza ya watu watano pembeni ya dirisha, na nilijua ni watu wetu kwa sababu mama alimwambia mtoto "kaa vizuri, usichezee uma". Walikula kwa furaha. Bili ilikuja dola 71 kabla ya bakshishi. Baba akatoa pochi, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. Wino wa printa ulikuwa umeanza kuisha, mistari myeupe imekata katikati ya namba. Meneja akaisoma, akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho: haikubaliki Ijumaa baada ya saa kumi na moja jioni. Yule baba hakubisha. Alihesabu noti taratibu, akatazamana na mkewe, mkewe akafungua mkoba na kuongeza. Mimi nilikuwa nimesimama pale na trei mkononi, na kilichoniuma ni kwamba kama wangenionyesha ile karatasi walipokaa tu, ningewaambia. Wangeagiza kidogo, au wangerudi Jumanne. Basi, dada, vocha inatolewa kabla ya kuagiza, siyo baada ya kula. Wengine wanaona aibu, wanadhani wataonekana wanyonge. Hakuna aibu yoyote. Mgahawa wenyewe ndio ulioitangaza.

Sasa hizo vocha kumi. Dola 40 inaonekana ndogo, na ndiyo hatari yake. Fedha ya vocha hizi kwa muuzaji haitoki tu kwa wanaozitumia, inatoka pia kwa wanaozisahau. Ukitaka kuona ukubwa wa jambo hili, angalia Starbucks, kampuni ya migahawa ya kahawa, ambao kadi zao hazina masharti magumu kama haya: katika mwaka wa fedha 2023 waliingiza kwenye mapato yao zaidi ya dola milioni 200 ambazo wateja waliziweka kwenye kadi na haitarajiwi kuwa watazitumia. Hiyo ni kahawa, ambayo mtu anainywa kila asubuhi. Je, vocha ya mgahawa ambao unahitaji mtu wa kukaa na watoto, siku isiyo ya kazi, na mume asiye kwenye shifti?

Ukinunua kumi kwa dola 40 ukatumia tatu, kila uliyotumia imekugharimu dola 13 na senti 33. Bado unaokoa kidogo. Ukinunua kumi kwa bei ya dola 10 ukatumia tatu, kila moja imekugharimu zaidi ya dola 33, kwa punguzo la dola 25. Umelipa ili upunguziwe. Nami nilishawahi kuangukia hapo: nilichukua nne za mgahawa mmoja wa Baltimore, nikaziweka kwenye droo kusubiri siku ya kumbukumbu ya ndoa. Tulipofika, mlangoni palikuwa na karatasi iliyobandikwa kwa gundi ya selotepu na viti vimepandishwa juu ya meza. Mgahawa ulikuwa umefungwa wiki tatu kabla. Tangu siku hiyo sinunui vocha ya mgahawa isipokuwa siku ninayokwenda, au jana yake. Simu inatosha, hakuna haja ya kuweka akiba ya punguzo.

Utaniuliza sheria inasemaje kuhusu vocha zinazoisha muda. Kwa kadi za zawadi za kawaida inakulinda vizuri. Sheria ya mwaka 2009 aliyoisaini Rais Obama, na kanuni zake zilizoanza Agosti 2010, zinataka fedha iliyo kwenye kadi ya zawadi idumu angalau miaka mitano. Lakini sehemu ya ofa, ile ambayo hukuilipia, haina ulinzi huo. Ndiyo maana katika vocha za aina ya Groupon, tovuti nyingine ya kuuza ofa, utaambiwa kwamba ulicholipa hakipotei, lakini punguzo lina tarehe ya mwisho: ulilipa dola 20 kwa chakula cha dola 40, tarehe ikipita una dola 20 tu za chakula. Majimbo nayo yana sheria zake. New Jersey kulikuwa na kesi dhidi ya Restaurant.com kuhusu vocha zilizoandikwa kuwa zinaisha baada ya mwaka mmoja, na mwaka 2013 mahakama ya juu kabisa ya jimbo hilo ilisema vocha hizo ni mali, kwa hiyo wanunuzi wake wanalindwa na sheria ya wateja. Nakutajia hayo ili ujue una haki, lakini sitaki utegemee haki hizo. Hakuna atakayekwenda mahakamani kwa ajili ya dola 4.

Mumeo ameuliza swali zuri sana: nani anauza dola 25 kwa dola 4? Anayeuza ni tovuti. Anayetoa zile dola 25 ni mgahawa, na tovuti inamlipa mwenye mgahawa kwa kumtangaza, bila kumpa fedha. Anakubali akitumaini utarudi siku nyingine bila vocha. Kwa Groupon, iliyoanza Chicago Novemba 2008 na ofa ya piza mbili kwa bei ya moja katika baa iliyokuwa ghorofa ya chini ya jengo lao, mgawanyo uliozoeleka ni nusu kwa nusu. Chakula cha dola 40 kinauzwa dola 20, mgahawa unapata kama 10. Kwenye migahawa ninayoitunzia hesabu, nyama, mchele, mafuta na viungo peke yake hula karibu theluthi ya bei, yaani dola 13 katika hizo 40. Hapo hujalipa kodi ya jengo, gesi, wala mpishi. Mwaka 2010 mwenye mgahawa mdogo wa kahawa huko Portland, Oregon, alieleza hadharani jinsi alivyotoa vocha za dola 13 kwa dola 6, wateja wakafurika, na yeye akalazimika kutoa karibu dola 8,000 kwenye akiba yake ili alipe mishahara na pango.

Hili nakueleza kwa sababu linakugusa wewe mteja. Mgahawa unaopata hasara kwenye meza yako huonyesha: sahani inakuwa ndogo, unakalishwa karibu na choo, "hiki leo hakipo". Mgahawa uliokaa na kupiga hesabu vizuri unaitumia vocha kujaza Jumatatu na Jumanne, siku ambazo viti vingekaa tupu, na mpishi angelipwa hata hivyo. Huko utahudumiwa kwa moyo, kwa sababu kuja kwako ni faida kwao kweli. Kwa hiyo masharti ya siku yasikukasirishe. Mgahawa unaokataa Ijumaa unaijua biashara yake, na ndio wenye uwezekano mkubwa wa kuwepo mwezi ujao.

Kuhusu mawifi. Rudi kwenye ile hesabu ya dola 62. Ukimpa wifi yako vocha ya dola 25, ili aitumie lazima atoe dola 37 zake mfukoni. Umempa zawadi inayomdai. Kama hana hizo dola 37 mwezi huo, itakaa kwenye droo na kila akikuona atajisikia vibaya. Bora umpe kadi halisi ya zawadi, ile inayofanya kazi kama fedha, bila kiwango cha chini, bila siku maalumu. Na hizo pia hupatikana kwa punguzo bila mtego. Maduka ya Costco, kama mna uanachama, huuza kadi za migahawa mikubwa, mara nyingi mbili za dola 50 kwa karibu dola 80. Hiyo ni asilimia 20 safi, na mtu anaweza kula supu ya dola 8 nayo akarudi tena. Migahawa mingi mikubwa nayo huwa na ofa Novemba na Desemba: nunua kadi ya dola 50 upewe nyingine ya dola 10. Mpe wifi ile ya 50, ya 10 baki nayo, lakini andika tarehe yake kwenye kalenda, kwa sababu hiyo ya bure huwa na muda mfupi wa kutumika baada ya mwaka mpya.

Tahadhari mbili kwenye kadi. Ukinunua dukani, ipapase sehemu ya kukwangua penye namba ya siri. Ikiwa imekwanguliwa au ina kibandiko juu ya kibandiko, irudishe. Kuna wezi wanaonakili namba na kusubiri uijaze fedha. Na usikae na kadi muda mrefu. Kampuni ya migahawa ya Red Lobster iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi Mei 2024, na ya TGI Fridays Novemba mwaka huohuo, na matawi mengi yalifungwa. Mgahawa ukianguka, mwenye kadi anasimama kwenye foleni ya wanaodai, na mara nyingi nyuma.

Sasa mama mkwe. Mtakuwa watano mezani. Tuseme chakula cha dola 90; na kodi na bakshishi inafika dola 111 na senti 60. Kiwango cha dola 50 mmekipita bila kujilazimisha, kwa hiyo vocha moja ya dola 4 inawaokolea dola 21 kamili. Hapo inafaa, na ndiyo maana nikasema chukua moja. Ila anza na mgahawa, usianze na vocha. Silver Spring imejaa migahawa ya Kiethiopia, na mtu wa Tanga akiletewa sinia moja la kula kwa mkono pamoja na wajukuu atajisikia yuko kwa watu. Angalia tu kwamba sinia lile linaweza kuwashibisha wengi kabla bili haijafika kiwango cha chini.

Ukishachagua, piga simu mchana, kati ya saa nane na saa kumi, wakati hawana wateja wengi na wana nafasi ya kukujibu. Uliza nyama yao ni ya halali yote au baadhi. Uliza kama bado wanapokea vocha za tovuti hiyo, ukiitaja kwa jina. Uliza siku gani hawapokei mwezi wa kumi na mbili, maana wiki ya Krismasi wengi hufunga mlango huo. Uliza kiwango cha chini kinahesabiwa kwa chakula tu au hata soda na chai. Aliyekujibu muulize jina lake, uliandike. Wakisema ndiyo, weka nafasi ya Jumanne au Jumatano, nunua vocha siku hiyohiyo ukiwa nyumbani, ihifadhi kwenye simu, na mkikaa tu mwonyeshe mhudumu kabla hata maji hayajaletwa. Wakisitasita kwenye simu, achana nayo, mpeleke mama mkwe mnapopapenda, na mlipe bili yenu kwa raha.